Pini imegoma na bolti zimo kwenye zege: utumie gesi, plazma au lansi?

Swali limetoka kwa kijana mmoja fundi wa mitambo kwenye machimbo ya kokoto kule Lugoba. Nalifupisha: "Shikamoo fundi. Nina eskaveta ya tani 20, pini ya baketi (chuma cha duara kinachoshikiza baketi kwenye mkono) imegoma kabisa, tumegonga nyundo siku nzima na jeki imeshindwa. Pia kuna msingi wa zege wa krasha ya zamani (mtambo wa kusaga mawe) una bolti nene zimesimama, bosi anataka ziondoke na zege likatwe upande mmoja. Nimeona video ya bomba linawaka mbele linatoboa chuma na zege. Je ni kitu gani, naweza kujitengenezea kwa bomba la maji na bandingi waya? Na kama oksijeni ni ghali je hewa ya kompresa haifai?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vitu vinne kwa mpigo, nitavijibu vyote ila siyo kwa mpangilio wako, maana ukishaelewa chuma kinakatwaje kwa gesi hayo mengine yanajieleza yenyewe na wala hutahitaji mtu wa kukuambia lipi linawezekana na lipi ni video tu.

Fundi wengi, hata waliokaa na tochi ya kukatia kwa gesi miaka mingi, wanaamini kwamba moto wa gesi unayeyusha chuma. Siyo hivyo. Ule moto wa oksijeni na asetilini unafika nyuzi kama 3,100 za Selsiasi, lakini kazi yake kwenye kukata ni ndogo, ni kupasha sehemu moja ya chuma mpaka iwe nyekundu ya kung'aa, nyuzi 900 hivi. Ukifika hapo unabonyeza ile liva, oksijeni tupu inatoka katikati ya nozo kwa kasi, na chuma chenyewe kinashika moto. Kinaungua kweli kama kuni, kinatoa joto lake, na lile joto ndilo linalopasha chuma kilichoko chini yake nacho kiungue, ndiyo maana ukikata bamba nene joto kubwa halitoki kwenye mtungi wako wa asetilini, linatoka kwenye chuma unachokikata. Oksijeni pale inafanya kama kupepea jiko la mkaa, tofauti ni kwamba hapa mkaa ndiyo ile mali unayotaka kuipasua.

Sasa kuna sharti mbili zinazofanya jambo hili liwezekane. Ya kwanza, chuma cha kawaida kinaanza kuungua kwenye nyuzi 900 wakati kuyeyuka kwake ni karibu 1,500, kwa hiyo kinaungua kabla hakijawa uji. Ya pili, majivu yake, yaani ile oksidi tunayoiita mavi ya chuma, inayeyuka kwenye 1,370 hivi, chini kidogo ya chuma chenyewe, kwa hiyo inakuwa maji na upepo wa oksijeni unaisukuma inatoka chini, njia inabaki wazi. Sharti moja likikosekana, tochi haikati. Chukua stenlesi, ina kromu nyingi na oksidi ya kromu inahitaji zaidi ya nyuzi 2,400 kuyeyuka, inakaa pale juu kama ngozi inazuia oksijeni isipite. Aluminiamu hivyohivyo, yenyewe inayeyuka 660 lakini oksidi yake mpaka 2,070, utaona inadondoka vipande vibaya tu hakuna mkato. Chuma cha kumimina kina kaboni nyingi ndani, kinayeyuka mapema na kinatema cheche bila kukatika vizuri. Kwa hiyo ukiona tochi "imegoma" usikimbilie kuongeza presha ya oksijeni, jiulize kwanza unakata nini.

Pini yako ni chuma cha aloi, kina kromu kidogo tu, asilimia 1 au zaidi kidogo, hiyo haisumbui, inaungua.

Plazma hukuitaja, ila nimeiweka kwenye kichwa cha habari kwa hiyo niieleze. Plazma haichomi kwa oksijeni, inayeyusha kwa umeme, hewa inapitishwa kwenye aki ya umeme (cheche isiyokatika) inakuwa moto sana halafu inapulizwa, kwa hiyo inakata chochote kinachopitisha umeme, stenlesi, aluminiamu, shaba, vyote. Ni safi na ya haraka kwenye bamba. Ila zile mashine ndogo za kubeba zinaishia milimita 25 au 40 hivi, na pini ya eskaveta ya tani 20 ni milimita 80 na ushee, tena imezibwa na masikio ya baketi (yale mabamba yenye matundu ya pini) pande zote, hiyo plazma utaifikishaje huko ndani. Na zege halipitishi umeme, kwa hiyo plazma kwenye zege isahau kabisa, haipo.

Haya tuje kwenye lile bomba lako la kwenye video. Wenyewe wanaliita lansi, wengine lansi ya moto. Ni bomba la chuma, kwa kawaida la mita 3, unene wa kidole gumba au zaidi, ndani limejazwa nyaya nyembamba za chuma, aina nyingine wanachanganya na aluminiamu au magneziamu kidogo ili liwake kwa ukali zaidi. Nyuma lina mshikio wenye valvu na hozi ya oksijeni. Unapasha ncha mpaka iwe nyekundu, unafungua oksijeni, ncha inashika moto, na kuanzia hapo bomba linajila lenyewe. Yaani kuni ni bomba, na unaposogeza kwenye kazi unapeleka moto wa zaidi ya nyuzi 3,000 pamoja na oksijeni iliyobaki na mvua ya mavi ya chuma yaliyoyeyuka. Wazo hili lina zaidi ya miaka 100, lilianza kwenye matanuri ya chuma huko Ulaya kwa kazi ya kufungua tundu la kutolea chuma likiziba, na mpaka leo viwanda vya chuma wanalitumia kwa kazi hiyohiyo. Migodini wanalipenda kwa pini zilizogoma, na wazamiaji wanaokata meli zilizozama wana aina yake fupi inayowaka hata chini ya maji.

Tofauti na tochi ni hii, na hapa ndipo watu wanapotea. Tochi inategemea chuma unachokata kikubali kuungua. Lansi haitegemei, inakuja na moto wake na kuni zake, kwa hiyo stenlesi na chuma cha kumimina vinayeyuka mbele yake vinasombwa na yale mavi. Lakini msidhani inakata. Inatoboa na kuchimba. Mkato wake ni mpana, mbaya, una matuta, huwezi kuuchomelea bila kuusaga na grenda nusu siku. Kila ninapoona mtu anataka kukata bamba la milimita 20 kwa lansi nasikitika, maana tochi ya kawaida ingemaliza kazi hiyo huku anakunywa chai. Tochi yenye nozo kubwa na oksijeni ya kutosha inafika milimita 300 bila maajabu. Kule Chittagong, Bangladesh, na Alang, India, wanakobomoa meli nzima nzima, kazi kubwa inafanywa na tochi za oksijeni na gesi ya kupikia, siyo lansi.

Na zege je? Zege haliungui hata ulifanyeje, ni mawe na mchanga na saruji, vyote tayari vimeshaungana na oksijeni tangu zamani, hakuna cha kuwaka. Kwa hiyo tochi ya gesi kwenye zege inapasha tu uso, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia unapasua vipande vinaruka usoni kwako kama risasi. Lansi inapita kwenye zege kwa njia nyingine: joto lake linayeyusha, na yale mavi ya chuma yanachanganyika na mchanga. Mchanga peke yake unataka nyuzi 1,700 kuyeyuka, ila ukichanganyika na oksidi ya chuma unaanza kuwa maji kwenye 1,200 hivi, ndiyo siri yake. Ukikuta nondo ndani ndiyo raha zaidi kwa lansi, maana nondo nayo inaungua inaongeza moto. Lakini ni polepole, inakula bomba baada ya bomba, mtungi baada ya mtungi, na kinachotoka ni uji mzito kama kioo unaorudi ulikosimama.

Kwa hiyo kwa zege lako jibu langu ni usiende na lansi. Siku hizi kuna misumeno ya almasi, ya duara na ya waya, na mashine za kutoboa matundu ya duara zinazotumia maji, zinakata zege na nondo zake kwa mstari ulionyooka, bila moshi na bila kupasua upande unaotaka ubaki. Lansi kwenye zege ilikuwa na maana enzi ambazo vifaa vya almasi havijaenea, na leo ina maana pale ambapo kuna chuma kinene kimezikwa ndani kiasi kwamba msumeno unakwama, au hakuna nafasi ya kufunga mashine. Kama hamjali upande unaobaki, kodini breka, ile nyundo ya kupasulia inayofungwa kwenye eskaveta nyingine, mpasue halafu nondo zinazojitokeza mzikate na tochi. Zile bolti ndiyo rahisi kuliko vyote: bosi anataka kuzing'oa au anataka sakafu iwe sawa? Kama ni sakafu tu, chimba zege kidogo kuzunguka kila bolti, sentimita chache, kata na tochi chini ya usawa, ziba na gruti (uji wa saruji). Usikate bolti sawa na sakafu huku moto umelala juu ya zege, litapasuka na kukurukia, weka kipande cha bamba chakavu kufunika au kata juu halafu malizia na grenda.

Pini sasa. Kabla hujawasha chochote, nataka uniambie grisi imekaa wapi. Siulizi kwa utani. Kiungo cha pini kina grisi, na bushi (bomba fupi linaloizunguka pini) ina mifereji ya grisi, na baadhi ya pini zina tundu katikati limezibwa pande zote. Grisi iliyofungiwa ukiipasha inakuwa gesi, haina pa kutokea, na kuna pini zimeruka kama kizibo zikaua watu. Na grisi ikikutana na oksijeni tupu yenye presha haihitaji hata kiberiti, inalipuka. Kwa hiyo toa nipo zote, yaani vile vichuchu vya kuingizia grisi, toa bolti ya kufungia pini, fungua kila tundu la kupumulia, safisha uwezavyo, na hata hivyo usisimame kwenye mstari wa pini upande wowote ule, simama ubavuni. Baketi ilale chini, mkono uegemee kwenye magogo au vitalu siyo kwenye mafuta ya hidroliki, zima injini, toa presha kwenye mfumo. Na usipashe silinda ya hidroliki iliyo na mafuta na imefungwa pande zote mbili, hilo ni bomu tu limepakwa rangi.

Hatua ya kwanza siyo kukata. Nyundo umeshagonga, na ukigonga zaidi utafanya kichwa cha pini kifumuke kama uyoga kisipite kabisa. Tafuta jeki ya hidroliki ya kusukuma yenye tani nyingi, siyo ile ya gari, wanaokodisha wapo, ifunge ivute au isukume pini halafu iache na presha, na wakati huo pasha sikio la baketi kwa moto mpana. Sikio, siyo pini, unataka tundu litanuke na pini ibaki baridi. Kwa kupasha tumia propani badala ya asetilini, kwa sababu nozo kubwa ya kupashia inavuta asetilini kwa kasi kuliko mtungi mmoja unavyoweza kutoa. Kanuni ya zamani ni usivute zaidi ya sehemu 1 ya 7 ya mtungi kwa saa, ukizidisha inatoka na asetoni yake (kimiminika kinachoishikilia ndani ya mtungi), moto unabadilika rangi, hozi na mipira ya kuzuia uvujaji vinaharibika. Pini nyingi zinasalimu amri hapa, zinalia kwa mlio mkubwa halafu zinasogea.

Ikikataa, angalia nafasi kati ya sikio la baketi na kichwa cha mkono. Kama kuna upenyo tochi inaweza kuingia, unakata pini vipande vitatu, cha katikati kinatoka na mkono na vya pembeni unavisukuma kimoja kimoja. Uso wa sikio la baketi utaharibika kidogo, unaujaza na weldingi. Lansi inakuja ikiwa upenyo haupo. Hapo aliyezoea anatoboa pini kwa urefu wake, katikati kabisa, kutoka kichwa mpaka kichwa. Tundu likishapita, ule mkazo uliokuwa umeibana unalegea, na pini ikipoa inasinyaa kuliko ilivyokuwa, mara nyingi baada ya saa chache inatoka kwa nyundo ya kawaida na bushi inapona au inaharibika kidogo. Ni kazi ya dakika siyo ya siku, ila mpaka tundu litokeze upande wa pili mavi yote ya moto yanarudi kwa mwenye lansi, kwa hiyo anavaa ngozi kuanzia shingoni mpaka buti, ngao ya uso nzima yenye kioo cheusi, na suruali inafunika buti siyo kuchomekwa ndani yake. Nailoni hapana, jezi ya mpira hapana.

Tuseme sasa bomba la maji na bandingi waya. Najua kwa nini umeuliza, ukitazama lansi ya dukani ni bomba na waya kweli, na kwa kanuni inawaka. Sitakupa vipimo. Bomba la maji lina zinki, moshi wake mweupe utakulaza na homa na kutetemeka usiku kucha. Waya wa kufungia nondo umekaa na mafuta na uchafu, na mafuta ndani ya bomba la oksijeni yenye presha ni ule mlipuko niliokueleza kwenye grisi, sasa hivi ukiwa umeushika mkononi. Na mshikio ndiyo tatizo kubwa zaidi. Wa dukani una valvu ya oksijeni, kizuizi cha moto kurudi nyuma, na mpira wa kubana bomba usiovuja, wakati wa kienyeji ni hozi imefungwa na klipu, bomba likibaki fupi moto unaingia kwenye hozi na hozi ya oksijeni ikishika moto inawaka kuelekea mtungini ikikupitia wewe. Ukihitaji lansi, tafuta kampuni inayohudumia migodi kule Kanda ya Ziwa au wauzaji wakubwa wa gesi za viwandani Dar, waje na mtu wao. Muulize kabla hajaja ana kizuizi cha moto kwenye mstari, ana mitungi mingapi (akija na mmoja mrudishe, lansi inanyonya oksijeni vibaya sana na ikikatika katikati ya tundu mavi yanaganda humo ndani na umejiongezea pini ya pili), na nani anasimamia moto.

Nani anasimamia moto nalirudia kwa sababu mko kwenye krasha. Cheche za kukata zinaruka mita 10 na zaidi, na krasha ina mikanda ya mpira inayobeba kokoto. Mkanda ukishika moto unafuka taratibu ndani ya rola, mnafunga kazi mnaenda kula, mnarudi hamna mtambo. Mwagia maji, funika, na mtu mmoja abaki na mtungi wa kuzima moto angalau saa nzima baada ya moto kuzimwa. Tairi likiwa karibu litoe, wala usipashe rimu yenye tairi hata kama halina upepo, mpira ukipashwa kwa ndani unatoa gesi na linapasuka likiwa limetulia tu. Pipa la dizeli tupu msiliguse na tochi, tupu kwa macho siyo tupu kwa mvuke.

Kwenye mitungi nitapita haraka maana unafanya kazi nayo kila siku. Asetilini isizidi presha ya baa 1, ikizidi inaweza kujilipukia bila hata hewa. Mtungi wake usimame, ukiletwa umelala kwenye pikapu uache usimame kwanza masaa kabla ya kufungua. Usiunge hozi zake kwa bomba la shaba nyekundu. Mikono yenye grisi mbali na regyuleta ya oksijeni. Na wale jamaa zetu wa pembeni mwa barabara wanaojitengenezea asetilini kwa pipa la kabaidi na maji, nawaheshimu kwa ubunifu, ila pipa lile halina kipimo cha presha cha kueleweka, usilipeleke machimboni. Rangi ya zamani kwenye mtambo ikwangue kabla ya kukata, inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, na kama kazi iko ndani ya shimo la krasha hakikisha hewa inapita, siyo kwa kufungulia oksijeni kama nilivyoona watu wakifanya ili "wapate hewa". Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, ikipanda kufika 24 tu nguo zako zinaanza kuwaka kwa cheche ambayo jana ingezima yenyewe.

Ambapo tunafika kwenye kompresa. Haifai. Hiyo asilimia 21 maana yake karibu sehemu 4 kati ya 5 unazopuliza ni naitrojeni, haichomi chochote na inabeba joto inaondoka nalo, chuma kinapoa badala ya kuungua. Oksijeni ya kukatia inatakiwa iwe asilimia 99.5, na ikishuka kwa asilimia 1 tu kasi ya kukata inapungua kama robo, sasa wewe unataka kushuka mpaka 21. Hewa ya kompresa ina kazi kwenye kuchimba kwa rodi ya kaboni, ambapo umeme wa mashine ya weldingi unayeyusha na hewa inapuliza uji utoke, na kwa kweli kama mna mashine kubwa ya weldingi, ampea 400 au zaidi, na kompresa nzuri, hiyo rodi ya kaboni ijaribu kwenye kichwa cha pini kilichofumuka kabla hujalipia lansi. Utasikia kelele masikio yazibe, vaa vizibo. Ukishaondoa ule uyoga rudisha jeki ya kusukuma mara nyingine, na safari hii anza upande ule mwingine.